Mche wa lozi Jabe: jina moja, miti mitatu

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayevuka mpaka wa Manyovu na Mugina akiwa na miche ya matunda, akafika Jabe na kutangaza kwamba anauza "mlozi", asishangae wateja wakiguna na kusogea pembeni. Kwa Kiswahili cha vitabuni hana kosa: mlozi ni mti unaozaa lozi. Lakini mlozi ni mchawi vilevile, na maana hiyo ndiyo inayosikika kwanza katika upande huu wa ziwa. Kwa Kirundi umurozi ni mtu anayeroga au kutilia watu sumu. Ng'ambo ya mpaka, Uvira na Bukavu, mulozi ni yuleyule. Hakuna mama wa Jabe atakayetoa faranga zake kumnunua mlozi akamweke uani kwake.

Ndiyo maana mjini Bujumbura jina la Kifaransa, amande, ndilo linalookoa biashara. Linaokoa biashara, lakini haliokoi pesa ya mnunuzi, kwa sababu chini ya jina hilo moja kuna miti mitatu isiyofanana kwa jani, kwa tunda wala kwa faida. Mmoja ni lozi wa kweli, ule unaotoa kokwa zinazouzwa madukani na zinazotafutwa sana mwezi wa Ramadhani. Wa pili ni mkungu, mti wa kivuli unaojulikana pwani yote kuanzia Lamu hadi Mtwara na Unguja. Wa tatu ni mti wa mapambo kutoka Madagaska, wenye matawi ya ghorofa ghorofa, ambao watu wengi huuita mwavuli.

Anayeuza mmoja kwa jina la mwingine, hata kama hakukusudia, atajulikana baada ya miaka mitatu au minne. Muda huo ni mrefu kiasi cha mteja kuwa amekwishamwagilia, ameuzungushia uzio dhidi ya mbuzi na kuku, na ameahidi watoto matunda.

Jani halidanganyi

Kuitambua miti hii mitatu hakuhitaji mtaalamu. Jani linatosha, hata kwenye mche wa miezi minne.

Lozi wa kweli, ambao wanasayansi huuita Prunus dulcis, una jani jembamba lililochongoka kama ncha ya mkuki, lenye meno madogo sana pembezoni. Ukiliweka kando ya jani la mpichi utapata shida kuyatofautisha, kwa kuwa miti hiyo ni ndugu. Hapo ndipo ulipo mtego mwingine: mche wa mpichi unaweza kuuzwa kwa jina la amande, na kokwa la pichi si la kuliwa. Kiini chake kina kemikali inayogeuka sumu ya sianidi ikishaliwa, sawa na ile ya lozi chungu.

Mkungu, Terminalia catappa, una jani kubwa, nene na lenye kung'aa, pana karibu na ncha na jembamba karibu na kikonyo. Jani lililokomaa hufika sentimita 15 hadi 30, na likizeeka hubadilika kuwa jekundu kama kutu kabla ya kuanguka. Tunda lake ni bapa kidogo, lina ukingo kama wa mtumbwi, na lina nyama nyembamba juu ya ganda gumu lenye nyuzinyuzi.

Mwavuli, Terminalia mantaly, una majani madogo yenye umbo la kijiko, yaliyokusanyika katika vishada kwenye ncha za vijiti. Ni mti mzuri kwa macho. Umepandwa mbele ya hoteli, benki na nyumba nyingi katika miji ya Afrika Mashariki. Vitunda vyake ni vidogo na havina cha kula. Jina la Kiingereza la mti huu linamaanisha "lozi wa Madagaska", na huenda hilo limemponza mnunuzi zaidi ya mmoja aliyesoma kibandiko cha kitalu akadhani atavuna.

Neno mkungu nalo lina kisa chake. Kwa sehemu kubwa ya Tanzania Bara na Kenya, mkungu ni shada zima la ndizi kama lilivyokatwa shambani. Mtu wa Jabe akipiga simu Kigoma kuagiza "mikungu ishirini" bila kufafanua, anaweza kuletewa mikungu ishirini ya ndizi ya kupakiwa kwenye lori, na muuzaji atakuwa ametimiza agizo barabara. Aseme miche ya mkungu, au aseme mkungu wa kungu.

Kwa nini lozi wa kweli hauzai Bujumbura

Swali linaloulizwa zaidi na wapenda bustani ni hili: nimeotesha lozi, mti umekua, majani ni mazuri, mbona hauchanui?

Jibu ni baridi. Lozi ni mti wa nchi zenye majira ya baridi kama zile zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Mwishoni mwa mwaka hupukutisha majani na kulala. Ili uamke na kutoa maua, unahitaji mamia ya saa za baridi iliyo chini ya nyuzi 7 hivi, kwa kawaida kati ya saa 200 na 600 kulingana na aina. Saa hizo ndizo kama saa ya kengele ya mti. Zisipotimia, machipukizi ya maua hayafunguki, au yanafunguka machache kwa kushtukiza, moja leo na jingine baada ya wiki tatu, na tunda halishiki.

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hata katika usiku wa Juni na Julai, ambao ndio wa ubaridi kuliko mingine yote, nyuzi hazikaribii 7. Mchana joto hurudi karibu na nyuzi 30. Saa za baridi ambazo mti wa Jabe utakusanya kwa mwaka mzima ni sifuri. Mbolea haiwezi kuziba pengo hilo, wala maji, wala dawa ya kupuliza.

Wapo wanaopendekeza milimani, Bugarama au Mugamba, ambako watu huvaa makoti. Baridi ya huko ni ya kweli, lakini ni ya usiku tu. Jua likipanda, joto la mchana hufuta sehemu ya baridi iliyokusanywa usiku. Zaidi ya hapo, mvua za milimani huangukia maua na kuleta ukungu, na lozi ni mti unaopenda ukavu wakati wa kuchanua.

Mfanyabiashara aliyewahi kufika Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, anaweza kuuliza: kama wao wanavuna matofaa, mti mwingine wa nchi za baridi, kwa nini sisi tusivune lozi? Swali ni zuri. Kabale iko mita 1,800 na zaidi, na wakulima wake walianza na aina za matofaa zinazodai baridi kidogo, hasa Anna, iliyozalishwa Israel, na Dorsett Golden, iliyotoka Bahamas. Hata hivyo hawauachii mti peke yake. Baada ya mavuno huyang'oa majani kwa mkono ili kuulazimisha mti ulale kidogo na kuamka upya. Kazi hiyo inawezekana kwenye tofaa, mti ambao umefanyiwa utafiti wa miaka mingi katika nchi za joto, na inafanyika katika nyanda za juu. Kuihamishia kwenye lozi kando ya ziwa ni kununua tikiti ya bahati nasibu.

Kuna kikwazo kingine kinachosahaulika. Aina nyingi za lozi haziwezi kujichavusha. Mti mmoja peke yake, hata ukichanua vizuri, hautazaa bila mti wa aina nyingine karibu na nyuki wa kutosha. Huko California, jimbo la Marekani linalozalisha takriban asilimia 80 ya lozi zote duniani, wakulima hupanda aina mbili au tatu kwa mistari, na kila Februari hukodi mizinga ya nyuki inayozidi milioni moja. Mwenye lupango Jabe ana nafasi ya mti mmoja, na majirani hawatavumilia mzinga.

Mbegu nazo zina hila. Lozi zilizokaangwa, zilizotiwa chumvi au zilizochunwa ngozi haziwezi kuota. Zile mbichi zenye ganda zinaweza kuota zikikaa wiki kadhaa kwenye friji ndani ya mchanga wenye unyevu, na mche hutoka ukiwa na nguvu. Ni mche halali kabisa wa lozi. Muuzaji anayeuonyesha hasemi uongo. Asichosema, pengine kwa kutokujua, ni kwamba utabaki kuwa mti wa majani.

Mkungu ndani ya lupango

Anayetaka kivuli na kitu cha kutafuna katika joto la Bujumbura, mti wake ni mkungu. Asili yake ni Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, na umezoea pwani za joto kiasi kwamba watu wengi wa Uswahilini huuhesabu kuwa wa kwao tangu mwanzo. Hauna haja ya baridi. Unastahimili kiangazi cha Juni hadi Agosti ukishashika mizizi. Unaota kwenye udongo wa Imbo, mradi maji yasisimame.

Tatizo lake ni ukubwa. Mkungu ukiachwa huru hufika mita 20 na zaidi, na matawi yake hutanuka kwa mapana kama paa la banda. Jabe ni mtaa wa watu wengi. Lupango moja inaweza kuwa na nyumba tatu au nne za wapangaji, jiko la nje, kamba za nguo, choo cha shimo na bomba moja la maji. Mti wa namna hii ukipandwa mita mbili kutoka ukutani, baada ya miaka kumi utakuwa umeinua sakafu na kuupasua ukuta wa uzio. Kesi hiyo huishia kwa mkuu wa mtaa, na aliyeupanda huwa amekwishahama.

Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo, pima. Kutoka kwenye ukuta, shimo la choo na bomba la maji, mkungu unahitaji walau mita sita. Pasipo nafasi hiyo, ni afadhali kupanda ndimu au mpapai na kuutafutia mkungu mahali pengine: uwanja wa shule, wa msikiti au wa kanisa, au kando ya barabara pana, kwa ruhusa ya wilaya.

Mwenye nafasi ya kubana anaweza pia kuudhibiti mti tangu utoto. Mkungu hukua kwa ghorofa: shina hupanda, linatoa matawi kwa duara, linapanda tena, linatoa duara jingine. Ukikata ncha ya shina juu ya ghorofa ya pili au ya tatu, mti unakuwa na umbo la meza badala ya mnara. Kazi hii ifanyike kiangazi, mti ungali mdogo, kwa msumeno mkali na si kwa panga. Kidonda cha panga huchanika na kukaribisha kuoza. Halafu kila mwaka ondoa vichipukizi vinavyotaka kuchukua nafasi ya ncha iliyokatwa. Anayesubiri mti ufike juu ya mabati ndipo aite mkataji, atalipa pesa nyingi na anaweza kupoteza mabati.

Upandaji wenyewe ni rahisi. Okota kungu zilizoiva na kuanguka zenyewe, ziloweke maji usiku kucha, zilaze ubavu kwenye udongo wenye mchanga, kina cha sentimita tatu hadi tano, mahali penye kivuli chepesi. Huota baada ya wiki tatu hadi sita. Zile zinazoelea juu ya maji usizitupe haraka: ganda la kungu lina hewa ndani, na kwa asili tunda hili husafiri baharini. Kuelea hakumaanishi kwamba ni bovu, kama ilivyo kwa mbegu nyingine.

Mche ukifika sentimita 30 au 40 uko tayari. Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, lichanganywe na samadi iliyooza, na shingo ya mche isizikwe. Kosa la kuizika shingo ndilo linaloua miche mingi ya bustani, si wadudu. Shina likifunikwa na udongo wenye unyevu huoza ngozi, majani yanakuwa njano, na mwenye mti anaongeza maji akidhani una kiu.

Njano hiyo ndiyo malalamiko ya kwanza ya wapandaji. Kabla ya kutafuta dawa, ingiza kidole kwenye udongo. Ukiwa umelowa sana, punguza maji na uchimbe mfereji mdogo wa kuyatoa. Ukiwa mkavu na kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia, mti una kiu. Ndoo moja mara mbili kwa wiki, jioni, inatosha kwa mche wa mwaka wa kwanza. Maji ya bomba yanapokatika, maji yaliyosuuzia mboga au mchele yanafaa. Yale ya kufulia yenye sabuni nyingi na jiki yasitumike kwenye mche.

Malalamiko ya pili ni masizi. Majani yanapakwa weusi kama wa chungu, na chungu chungu za sisimizi zinapanda na kushuka shinani. Weusi huo ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu unaotolewa na wadudu weupe wanaofanana na pamba, waliojificha chini ya majani. Sisimizi huwalinda kwa sababu ya utamu huo. Vunja ulinzi: paka shina mkanda wa grisi juu ya kipande cha kitambaa au karatasi, si moja kwa moja kwenye ngozi ya mti, kisha osha majani kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande, asubuhi au jioni. Rudia baada ya wiki. Dawa kali za pamba zinazouzwa kwa kupimiwa kwenye chupa za soda hazina nafasi katika uwanja ambao watoto wanachezea na sufuria zinaanikwa.

Mchwa hushambulia zaidi mche uliofungiwa kijiti kikavu au uliorundikiwa majani makavu hadi shinani. Ondoa kijiti baada ya miezi michache, na matandazo yaanze umbali wa kiganja kutoka kwenye shina.

Halafu kuna majani yanayoanguka. Mkungu hupukutisha mara moja au mbili kwa mwaka, na jani lake ni kubwa kiasi kwamba machache tu yanaziba mfereji wa paa. Maji yakituama humo, mbu wanazaliana. Mwenye mkungu ajue kwamba ufagio na ngazi ni sehemu ya gharama. Majani hayo yakikusanywa huoza pole pole na kuwa mboji nzuri ikiwa yatachanganywa na taka za jikoni.

Majani hayohayo yana soko lisilotarajiwa. Katika nchi za Asia na Ulaya wafugaji wa samaki wa mapambo hununua majani makavu ya mkungu kwa idadi, kwa sababu hulainisha maji na kuyatia tindikali kidogo. Bujumbura inaijua biashara ya samaki hao: Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kwenda ng'ambo kutoka hapa tangu miaka ya 1970. Lakini samaki wa Tanganyika wenyewe huishi katika maji magumu yasiyo na tindikali, na majani ya mkungu hayawafai. Anayetaka kujaribu soko hilo atafute wanunuzi wanaofuga samaki wa mito ya Amazon na Asia.

Kungu ni chakula, lakini si gunia la lozi

Mti uliotunzwa huanza kuzaa kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Popo hufika kwanza. Hula nyama na kuangusha kokwa chini, na asubuhi uwanja unakuwa kama umemwagiwa kokoto. Nyama iliyong'atwa na popo isiliwe, na mikono ioshwe baada ya kuokota. Kokwa lenyewe likioshwa na kuanikwa juani siku kadhaa, kiini kilichomo ndani ya ganda kiko salama.

Kulipasua ni kazi. Kokwa husimamishwa kwa ukingo juu ya jiwe na kupigwa kwa jiwe jingine au nyundo, pigo moja lenye kipimo. Kiini ni chembamba kama penseli ya mtoto, cheupe, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kikikaangwa kidogo, ladha yake inakaribia ya lozi kiasi cha kueleza kwa nini Wazungu waliupa mti jina hilo. Wafaransa waliuita badamier, kutoka neno la Kiajemi badam, ambalo wauza sharbati wa pwani wanalijua vizuri.

Ila mfanyabiashara asianze kuhesabu magunia. Kazi ya saa nzima ya kupasua hutoa viganja vichache tu vya viini. Katika visiwa vya Vanuatu, kwenye Bahari ya Pasifiki, kungu huitwa natapoa na huuzwa sokoni. Huko, hata hivyo, watu wamekuwa wakiichagua miti yenye viini vinene kwa vizazi vingi. Kungu wa kwetu hawajachaguliwa hivyo. Kwa sasa ni tunda la watoto na la nyumbani.

Pesa ya haraka iko kwenye lozi kavu inayoagizwa. Hapo pia jicho linahitajika. Kiini cha aprikoti, kidogo, kifupi, chenye umbo la moyo na uchungu, huchanganywa au kuuzwa kama lozi katika masoko mengi duniani, na kikiliwa kwa wingi kinaweza kuua. Onja chache kutoka katikati ya gunia, si za juu tu. Lozi njema huvunjika kwa mlio, na ndani ni nyeupe. Ikiwa ya njano na yenye harufu ya rangi ya mafuta, imechina. Katika joto la Bujumbura, lozi iliyochunwa ngozi huchina mapema kuliko yenye ngozi. Ihifadhiwe kwenye chombo kilichofungwa, mbali na ukuta unaopigwa na jua.

Mpakani

Hapa kuna tofauti ambayo wafanyabiashara wadogo huikosa. Mfumo Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mwenye shehena isiyozidi dola 2,000 za Marekani kupata Cheti Rahisi cha Asili papo hapo mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha, ikiwa bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa na imezalishwa ndani ya Jumuiya. Lozi ya California iliyopitia Dubai hadi Dar es Salaam haikuzalishwa ndani ya Jumuiya, hata kama imenunuliwa Kariakoo kwa stakabadhi ya Kitanzania. Haipati cheti hicho. Kununuliwa nchini si sawa na kuzalishwa nchini.

Miche iliyooteshwa Kigoma, kinyume chake, ni zao la Jumuiya. Lakini mche una sharti lake lingine. Anayeingiza huomba kwanza kibali cha upande wa Burundi katika wizara inayohusika na kilimo, na anayetoa hupata cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na kwa Kenya na KEPHIS. Kusamehewa ushuru hakuondoi cheti hicho.

Wengi huona ni urasimu wa kuwasumbua wadogo. Wakulima wa migomba wana jibu. Mnyauko wa bakteria uliothibitishwa Uganda mwaka 2001 ulisambaa hadi Congo, Rwanda, Tanzania, Kenya na hatimaye Burundi, na mojawapo ya njia zake ilikuwa machipukizi ya migomba yaliyobebwa na watu kutoka shamba hadi shamba, bila cheti wala ukaguzi. Udongo ulio kwenye mifuko ya miche ndio unaotiliwa shaka zaidi, kwa kuwa minyoo na bakteria husafiri ndani yake. Kabla ya kupakia, ulizia kama miche italazimika kuvuka bila udongo, mizizi ikiwa imefungwa kwenye maranda yenye unyevu.

Kwenye fomu hizo andika jina la kisayansi. "Amande" au "lozi" humwachia afisa kuamua ni mti upi, na cheti kilichoandikwa Prunus dulcis juu ya shehena ya Terminalia ni sababu tosha ya kuzuiwa siku mbili juani, muda unaotosha kuua miche ya mifukoni. Jina hilohilo likiandikwa kwenye kibandiko cha mche, pamoja na mkungu na badamier, mteja wa Jabe, wa Uvira na wa Kigoma watajua wote wanachokinunua.

Mvua za kwanza Bujumbura hutarajiwa Septemba na kukolea Oktoba, na huo ndio wakati wateja hununua miche. Anayetaka kuwa na mikungu ya sentimita 40 kwa wakati huo, kungu zake ziwe zimekwishaingia kitaluni mwezi Machi au Aprili.